Ila za Marehemu Kondo

Goti hili linaloniuma si langu. Ni la muuza mkaa mmoja niliyemwiga kwenye msiba wake, nikachechemea kutoka mlangoni mpaka makaburini huku nikiwafokea wanawe kwa sauti yake, na tangu siku hiyo goti langu mwenyewe halikurudi. Kikohozi cha asubuhi nilikipata kwa mwalimu fulani wa hesabu. Hii tabia ya kugeuka nyuma kabla ya kuketi ni ya bibi harusi aliyefariki kabla hajazoea nyumba ya mumewe. Watu wakiniita Nyamizi naitika, lakini nikiitwa ghafla, kwa nyuma, huwa najikuta nimegeuka kwa jina la mtu aliyekwisha kuzikwa. Ndiyo kazi ya mtani, na sijawahi kuiomba. Nilizaliwa nayo.

Kwa asiyejua nitaeleza. Ukoo wetu na ukoo wa Kondo ni watani tangu enzi ambazo hata waongo wetu wakubwa hawadai kuzikumbuka. Babu zao walipigana na babu zetu, wakachoka, wakaona bora watukanane kuliko kuchinjana. Kwa hiyo mtu wao akifa, sisi ndio tunaoingia msibani tukiwa na vicheko. Tunavaa nguo za marehemu, tunatembea mwendo wake, tunaingia kaburini kabla yake na kudai kwamba sisi ndio tuliowahi. Ndugu hawawezi kumsema marehemu kwa ubaya, ni mwiko. Wao wataapa kwamba alikuwa mtu wa watu, mkarimu, mpole, hakuwahi kugombana hata na kuku. Sisi tunadakia: mkarimu wapi, alikuwa akificha sukari uvunguni. Wafiwa wanacheka huku kamasi zikiwatoka, na ndani ya kicheko hicho wanamwachia aende zake. Hapo ndipo tanga linapoanuliwa, mikeka inakunjwa na watu wanarudi kuishi.

Lakini kuna swali linalonikera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Mtu ni nini? Ni yale mema yanayosomwa kwenye wasifu wake, au ni zile ila ninazoziiga mimi? Nimehudhuria misiba mingi kiasi kwamba wasifu wote naujua kabla haujasomwa, maana wema wa watu unafanana. Wa huyu ukiusoma kwenye msiba wa yule, hakuna atakayeshtuka. Ila ndiyo isiyoazimwa. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyekuwa akipiga chafya kama yule muuza mkaa, wala aliyeona wivu kama yule mwalimu. Basi kama mtu ni ila zake, mbona tunamzika pamoja na wema wake na kuziacha ila kwangu, kwenye goti langu, kwenye kifua changu? Huwa silali vizuri nikilifikiri hili. Natembeatembea uani, nahamisha vyungu ambavyo havikuhitaji kuhamishwa.

Mji wetu ulikuwa na jina, lakini tangu Jumba lijengwe kila mtu anauita anavyotaka, kwa sababu kila mtu anauona anavyotaka. Jumba lipo juu ya kilima na halina madirisha. Ndimo zinamotoka miwani: nyeusi, nzito, zinafunika macho na masikio, zinafungwa kisogoni kwa mkanda wa mpira. Ukiivaa unaingia mahali. Usiniulize ni wapi. Ni mahali penye saa nne ya asubuhi isiyosogea, jua halichomi, nyanya haziozi, na mlango wowote ukiusukuma unafunguka kana kwamba ulikuwa ukisubiriwa. Wasomi wanapaita uhalisia pepe. Mimi napaita mle ndani, na kila mtu ananielewa.

Mwanzoni tuliambiwa kwamba baada ya muda mfupi hakutakuwa na nje. Watoto watasomea mle, wagonjwa watatibiwa mle, vijana wataposa na kuoa mle. Msemaji wa Jumba, bwana mmoja mtanashati aitwaye Eliaseri, alisimama sokoni akasema kwa sauti ya kuhubiri kwamba mustakabali ni wetu sote na tayari umeshafika. Msimu uliofuata alirudi akasema mustakabali upo njiani. Mara ya tatu alisema tu kwamba upo. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amesimama mahali pale pale, shati halijapigwa pasi, akasema, "Subirini," akashuka. Siku hizi wauza mitumba wanatundika miwani katikati ya mabegi na mikanda, na watoto wanakata ile mipira ya kisogoni kutengenezea manati. Na bado kuna nyumba ambamo watu hawavui miwani kabisa.

Ajabu ya mji huu ni kwamba watu wanaogopa mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba Jumba litatumeza sote, na kwamba Jumba litafungwa. Ukimkuta mtu kibarazani anaitukana miwani kwa kuwaharibu watoto, mwambie umesikia kesho inazimwa, utaona anavyobadilika rangi. Mustakabali umekuwa kama mgeni aliyetuma salamu kwamba anakuja bila kutaja siku. Huwezi kupika, chakula kitachacha. Huwezi kufunga mlango ukaondoka, atakuja akukose. Unabaki umesimama uani, mwiko mkononi, masikio barabarani, na maisha yako yote yanakuwa kule kusikiliza. Mimi sikuzaliwa na subira. Kila nikimwona mtu amekaa kimya na kile kitu cheusi usoni nasikia miguu ikiniwasha.

*

Kondo alikuwa fundi rangi. Alifia kwenye ngazi, brashi mkononi, katika nyumba ya watu. Niliposikia nikachukua kofia yangu ya kazi nikatoka mbio, kwa sababu Kondo alikuwa hazina. Mtu mwenye ila zilizokomaa kama zake hafi kila mwaka. Njiani nilishaanza kutembea kama yeye, kifua mbele, visigino vikipiga chini kama anayekanyaga mchwa.

Nilipofika niliwakuta wafiwa wamekaa mstari mmoja kwenye mikeka, wote wamevaa miwani. Jumba lilikuwa limezitoa kwa msiba, kama rambirambi. Shemeji mmoja akainua yake kidogo, akaniambia kwa upole, "Mtani, leo hatukuhitaji. Marehemu yupo. Ukitaka tutakuazima umwone." Mwili ulipelekwa makaburini na watu wachache waliokosa miwani. Hakuna aliyecheka, na kwa kweli hakuna aliyelia. Tanga halikuanuliwa siku ile wala baadaye. Walimu wa dini wakabishana kama eda ya mjane imeanza au haijaanza, mwisho wakakubaliana kunywa kahawa.

Ilinichukua muda kuelewa vile vivuli vya marehemu, wale wafu wanaoonekana mle ndani, vinatengenezwaje, na nilipoelewa nilikaa chini nikacheka peke yangu mpaka jirani akaja kunitazama. Watu wa Jumba huwauliza waliomjua marehemu: alikuwa mtu wa namna gani? Wanakusanya majibu, wanachanganya na picha na sauti yake, wanakiumba kivuli. Kazi safi. Ila wale waulizaji hawakutoka kwetu. Hawakujua kwamba kwetu ukimuuliza ndugu habari za marehemu, umeuliza wasifu. Walimuuliza mke wa Kondo, akasema mpole. Walimuuliza jirani aliyemburuta kwa mjumbe wa nyumba kumi, akasema mtu wa watu. Mkarimu, mnyenyekevu, kipenzi cha watoto. Watani hawakutuuliza, kwa kuwa sisi tunajulikana ni watu wa upuuzi. Matokeo yake Jumba zima likajaa mtu mmoja. Sura mbalimbali, sauti mbalimbali, mtu yule yule. Wajane wote wa mji huu, mle ndani, walikuwa wameolewa na mume mmoja mpole.

Kizuri hakikosi ila, walisema wahenga. Nami nikajiuliza, na kisichokuwa na ila, kipo kweli?

*

Semeni, binti pekee wa Kondo, alikuja kwangu mchana wa jua kali.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Ukoo wenu ukionekana mchana ujue njaa imewabana. Ugali umekwisha."

Hakunijibu. Mtu wa ukoo wa watani asiyejibu utani ama ni mgonjwa ama ana mgonjwa. Nikamsogezea kigoda.

"Mama hali," alisema. "Yaani anakula mle ndani. Nikimpelekea chakula ananiambia ameshiba, wamekula pamoja na baba. Mtani, kanga inamzunguka inataka kurudi ilikotoka. Na juzi kazini nimesikia Jumba linazimwa. Wengine wanasema linauzwa, wengine wanasema linahamia ng'ambo, sijui nani mkweli. Likizimwa mama akiwa mle, atafiwa mara ya pili. Na ile ya kwanza hajailia."

"Mvue miwani."

"Nilimvua. Alikaa akitazama ukuta mpaka nikaona haya, nikamvalisha." Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nimekuja kukuomba radhi kwa niaba ya ukoo. Tulikuzuia na haikuwa haki yetu kukuzuia. Nenda mle ndani ukamfanyie baba utani wake. Azikwe, mtani. Nimempoteza baba, sitaki nimpoteze na mama."

Nilimtazama nikasikia huruma iliyonikasirisha, maana huruma si silaha yangu. Nikachukua kofia.

Mwasiti, mjane wa Kondo, nilimkuta kwenye mkeka ule ule wa msibani, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Kuzunguka macho yake kulikuwa na alama ya duara, ngozi imekwajuka kwa kubanwa. Alikuwa amekonda, kweli, lakini usoni hakuwa na huzuni, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kukonda kwenyewe.

"Karibu, mtani. Sina cha kukupa, ila wewe hujazoea kupewa, umezoea kunyakua."

"Nimetumwa na mwanao."

"Najua. Yeye anataka umwondoe baba yake. Mimi nataka umkamilishe." Akanisogelea, akashusha sauti kana kwamba yule mwingine angesikia. "Sura ni yake, sauti ni yake. Lakini hakohoi akiingia. Hanuni. Wakati mwingine namtazama najiuliza, hivi nakaa na nani? Mimi ni mke wa mtu, Nyamizi. Nikikaa na mwanamume nisiyemjua, hata kama ni humu kwenye miwani, nitajibu nini siku nitakayoulizwa? Eliaseri aliniambia kivuli kinashika chochote kinachoambiwa na aliyemjua marehemu. Mimi siwezi kumsema, mimi ni mkewe. Wewe una ruhusa. Mtie ila zake zote, usimbakizie. Nataka niwe na hakika kwamba ni yeye."

Basi mama na binti waliniomba mambo mawili yaliyo mbali kama kusini na kaskazini, na kazi yenyewe ilikuwa moja. Ningemsema Kondo, kama nilivyotakiwa kumsema tangu siku ya kwanza. Kama angezikwa au angefufuka, hilo halikuwa juu yangu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

*

Nikavaa miwani. Saa nne ya asubuhi.

Nyumba ile ile, ila kuta zimepakwa rangi ya maziwa, laini, hazina doa. Nikatazama chini: mikono ninayo, mwili sina. Vidole vyangu vinaelea. Ni vyangu? Hiki kimoja kinatetemeka kama cha muuza mkaa. Sijali. Nimekuwa watu wengi nikiwa na mwili, kuwa mtu mmoja bila mwili kutanishinda vipi.

Kondo akaingia. Akaingia bila kukanyaga mchwa. Aliteleza.

"Mwasiti," alisema, na sauti ilikuwa yake lakini imepakwa asali, "tuna mgeni. Umempa maji?"

Mwasiti, aliyekuwa amekaa pembeni na mwili mzima kuliko ule niliouacha kwenye mkeka, aliinamisha kichwa akatabasamu. Nikaona ni kosa la kwanza la waulizaji. Kondo niliyemjua hakuwahi kumwita mkewe kwa jina.

Nikaanza na kikohozi. Kikohozi cha mlangoni, kile cha kuwaambia watu wa nyumbani kwamba mwenye nyumba amerudi na vicheko vikome. Nikakitoa kifuani kama kilivyokuwa, kizito, chenye amri. Kivuli kikasimama. Kikapeleka mkono kooni. Halafu, polepole, kikakohoa. Mwasiti akaruka akajifunga kanga vizuri, kisha akagundua alichofanya akacheka mpaka akashika ubavu.

"Ndiye," alisema. "Endelea, mtani."

Nikaendelea. Nani angenizuia? Nikasema, "Huyu bwana kapaka nyumba za mji mzima, yake ikabaki plasta. Ukimuuliza anasema anasubiri rangi ikauke." Rangi ya maziwa ikaanza kubanduka kutani vipande vipande, chini yake plasta ya kijivu, ile ninayoijua, yenye ufa uliofanana na mguu wa jogoo. Nikasema, "Huyu bwana hajawahi kukosea. Akipotea njia, barabara ndiyo iliyohamishwa." Kivuli kikakunja uso kikasema, "Nani kakwambia nimepotea?" na macho yake kwa mara ya kwanza yakanitazama. Nikasema habari za sufuria, alivyokuwa akiinua kifuniko kabla ya wageni na kuzika minofu chini ya viazi. Nikasema habari za kaka yake ambaye hakumsalimia mpaka akafa, kwa ugomvi ambao wote wawili walishausahau ila walikumbuka kwamba upo. Kila nilichosema kilimwingia. Kifua kikatoka mbele. Visigino vikaanza kupiga sakafu. Pua ikapata ile hasira ndogo iliyokaa puani mwake kama miwani ya kusomea.

Na mimi. Mimi nilikuwa wapi? Kulikuwa na Kondo wawili chumbani, mmoja anasema na mwingine anakuwa. Nikinyamaza nani atabaki. Nimewazika wangapi na sijawahi kumuumba hata mmoja. Kumbe ni udongo ule ule. Kumbe mkono unaofukia na mkono unaofinyanga ni mmoja, tofauti ni upande unaotazama. Nilijua napaswa kunyamaza. Nilijua. Lakini utani ukishika moto una miguu yake, na nilikuwa na raha, nakiri raha hiyo, raha ya kumwona mtu anasimama kutoka mdomoni mwangu. Huyu ndiye. Wale wenye Jumba na mitambo yao wameshindwa, mimi kwa ulimi mtupu nimemleta.

"We," alisema Kondo.

Mwasiti hakugeuka.

"We mwanamke. Chai iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba kicheko cha Mwasiti kilikuwa kimekatika muda mrefu, na mimi sikusikia kilipokatikia. Alikuwa amesimama karibu na ufa wa ukuta, mikono ameibana kifuani. Akamwendea mumewe taratibu, akasimama mbele yake.

"Niite jina langu," alisema.

"Jina gani?"

"Jina langu. Uliniita asubuhi hii."

"Kwani we hujijui?" Kondo alisema, akanitazama mimi kama anayetafuta shahidi wa upumbavu wa wanawake. Alikuwa Kondo kamili. Hakukosa hata unywele.

Mwasiti akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mtu wa upande wa watani. Wao hututazama kwa hasira ya mchezo.

"Mtani, mrudishe yule."

"Yupi?"

"Yule aliyekuwa hapa kabla hujaingia."

"Mwasiti, huyu ndiye Kondo. Uliniomba mwenyewe."

"Najua ndiye Kondo. Nimeolewa naye nikiwa msichana, nisimjue? Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sikumchukia, naye hakunimaliza. Lakini mimi kwa baba yangu nilikuwa mtoto, kwake nikawa we, nilipozaa nikawa mama Semeni. Yule aliniita Mwasiti. Kila nilipovaa miwani aliniita Mwasiti, akaniuliza nimeamkaje, akanisubiri nijibu." Akaikaza kanga yake. "Nilidhani ukimtia ila zake atakuwa mume wangu wa halali, na jina langu bado atakuwa nalo. Nilitaka vyote viwili. Ni tamaa?"

Nilijaribu kusema mema, nakuapia. Nikasema alikuwa mpole, mkarimu, mtu wa watu. Maneno yakatoka mdomoni mwangu yakiwa na mkunjo wa kejeli, kwa kuwa ndivyo mdomo wangu ulivyofinyangwa, na Kondo akayasikia kama yalivyotoka, akanuna zaidi. Ningejua namna ya kusifu ningekuwa mtu mwingine.

Kisha dirisha moja likawa halipo. Pale lilipokuwa hapakuwa na giza wala ukuta, hapakuwa na kitu cha kutazama. Likafuata la pili. Ikasikika sauti ya Eliaseri kutoka kila upande, haina mahubiri tena, sauti ya mtu aliyechoka. "Tunaomba radhi," alisema, na kabla hajasema kwa lipi, ikakatika. Sakafu ikaanza kutupungukia. Mwasiti alinyoosha mkono kwa mumewe, au kwa mwingine aliyedhani bado yumo ndani yake, na Kondo, anafutika kuanzia miguuni, visigino vyake vimeshakwenda, akawa bado anauliza chai.

*

Tulivua. Nje kulikuwa na alasiri, upepo, harufu ya vitunguu vya jirani. Miguu yangu ilikuwa mizito kwa kuwa na mwili tena. Mtaani watu walikuwa wakitoka majumbani mmoja mmoja, wamesimama milangoni wakipepesa macho, wote na ile alama ya duara usoni. Hakuna aliyeuliza kama Jumba litawaka kesho. Walitazamana tu, kama watu waliokutana uchi mtoni.

Semeni alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake, amemshika mikono yote miwili.

"Mama. Baba amekwenda?"

"Baba yako alikwenda siku nyingi," alisema Mwasiti. "Leo amekufa mume wangu."

Semeni akanitazama mimi nimfafanulie. Mwasiti alijiweka sawa kwenye mkeka, akanyoosha miguu kama wanavyonyoosha wafiwa, akaniambia, "Haya. Fanya kazi yako."

Nikasimama. Ilikuwa haki yake, na sikuwahi kuikimbia kazi. Nikatafuta mwendo wa yule mume mpole: aliteleza, hakuwa na mwendo. Nikatafuta nguo, hakuacha nguo. Nikatafuta ukoo wake ili nijue nani mtani wake, maana hata mbaya kuliko wote ana mtu mahali fulani mwenye haki ya kumcheka. Huyu hakuwa na babu aliyepigana na babu ya mtu. Mji mzima, mle milangoni, wajane walikuwa wamefiwa na yeye kwa wakati mmoja, na hapakuwa na hata mmoja wetu anayejua atamtoaje. Niliogopa. Niliona jinsi tutakavyobaki, tanga limetandikwa mitaa yote, na hakuna wa kulianua. Kofia ya kazi ilikuwa mkononi mwangu, nikawa naigeuzageuza.

"Sina la kusema," nikasema. "Hakuwa na ila."

Semeni akawa anamfuta mama yake vumbi miguuni, vumbi ambalo halikuwepo.

"Alikuwa nayo moja," alisema Mwasiti mwishowe. "Kila nilichopika alikisifu. Pilau, kisamvu, hata ule wali ulioungua. Na hakuwahi kula hata tonge."

Semeni ndiye aliyecheka kwanza, kwa bahati mbaya, akaziba mdomo. Mimi nikafuata, kicheko changu mwenyewe, sikujua kama bado ninacho. Mwasiti alitutazama kama anayetaka kutukemea, halafu naye akacheka, akapiga paja, akasema, "Nikampikia kila siku, jamani, nikampikia," akacheka mpaka akalala ubavu kwenye mkeka. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha msibani kile cha zamani, majirani wakaanza kuingia uani wakivua viatu, na si mimi wala Semeni aliyemuuliza anamlilia yupi.